Fulana ya kuzuia risasi ya kuvaa chini ya shati: kuichagua, kuipima na kuitunza

Wanaonunua fulana hizi kwa matumizi ya kiraia ni walinzi wa kampuni binafsi, wauzaji wa maduka ya usiku, madereva wa teksi na wenye biashara wanaotembea na fedha taslimu. Nchini Marekani, ambako soko lake ni kubwa na ambako wasemaji wengi wa Kiswahili wanafanya kazi za namna hiyo, raia anaweza kuiagiza mtandaoni kwa mamia kadhaa ya dola. Kwa hiyo viwango vinavyotajwa hapa ni vya Marekani. Anayeishi kwingine aanze na sehemu ya sheria kabla ya kusoma mengine.

Wanunuzi wengi huanza na swali la "ipi yenye nguvu zaidi?" Wanachukua namba ya juu, fulana inafika nene na ngumu, inavaliwa siku chache za mwanzo, kisha inahamia kwenye buti la gari na kukaa huko. Kwa mtu wa zamu ya saa kumi, fulana ya daraja la kati iliyomkaa sawasawa ni bora kuliko ya daraja la juu inayomkaba shingo. Namba haina faida ikiwa fulana haiko mwilini.

Sheria kabla ya fedha

Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu raia kumiliki fulana ya kuzuia risasi, isipokuwa aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai la matumizi ya nguvu. Katazo hilo lilitungwa mwaka 2002. Juu yake kila jimbo lina masharti yake. New York ilipiga marufuku mwaka 2022, baada ya mauaji ya watu dukani mjini Buffalo, kuuziana fulana hizi isipokuwa kwa watu wa kazi zilizoorodheshwa na serikali ya jimbo. Connecticut inataka mauzo yafanyike ana kwa ana, kwa hiyo kuagiza kwa posta ukiwa huko ni kujitafutia kesi. Katika majimbo mengi, kuivaa wakati wa kutenda uhalifu huongeza adhabu.

Kanada, majimbo ya British Columbia na Alberta yanadai kibali au kazi inayokusamehe kibali. Australia haipokei fulana hizi forodhani bila ruhusa. Uingereza raia anaruhusiwa kununua na kuvaa. Kwa Afrika Mashariki, usiagize wala usisafiri nayo mpaka upate jibu la maandishi kutoka polisi na forodha ya nchi unayokwenda. Neno la muuzaji halitakusaidia uwanja wa ndege. Marekani nayo inaihesabu fulana hii miongoni mwa bidhaa zenye udhibiti wa kupelekwa nje, kwa hiyo usiichomeke kwenye pipa la nguo unazowatumia ndugu nyumbani.

Inazuia nini, haizuii nini

Fulana laini ya kuvaa ndani ni ya risasi za bastola. Risasi za AK, AR-15 na bunduki za kuwindia hupita kwenye kitambaa chake kwa sababu ya mwendo wao. Kuzizuia kunataka bamba gumu la kauri au la plastiki iliyoshindiliwa, na bamba halifichiki chini ya shati la kazi. Mwandishi wa habari anayekaribia mapigano mashariki mwa Kongo anahitaji bamba hizo pamoja na fulana ya nje yenye maandishi ya PRESS. Hiyo ni bidhaa nyingine na ina kanuni zake.

Taasisi ya Kitaifa ya Haki ya Marekani, NIJ, ndiyo inayoweka viwango. Kiwango cha 2008, kinachoitwa 0101.06, kina madaraja ya IIA, II na IIIA kwa bastola, kisha III na IV kwa bunduki ndefu. Mwishoni mwa 2023 kilitoka 0101.07, na majina yakabadilika: II imekuwa HG1, IIIA imekuwa HG2, na bunduki ndefu zimepewa RF1, RF2 na RF3. IIA imeachwa. Sokoni utakutana na majina ya zamani na mapya kwa pamoja. Ukiona "IIIA+" au "III+", jua hilo ni jina la muuzaji. NIJ haina daraja lenye alama ya kujumlisha.

Kwa daraja II, risasi ya majaribio ya milimita 9, yenye uzito wa gramu 8, hurushwa kwa mita 398 kwa sekunde, na ya .357 Magnum, aina nyingine ya risasi ya bastola, kwa mita 436. Kwa IIIA hutumika .357 SIG kwa mita 448 na .44 Magnum, risasi nzito ya gramu 15.6, kwa mita 436. Fulana hulazwa juu ya udongo maalumu, na risasi ikishazuiwa, bonde inaloliacha kwenye udongo halitakiwi kuzidi kina cha milimita 44. Tazama rula uone milimita 44 ni nyingi kiasi gani. Fulana iliyofaulu bado inaweza kukuachia mbavu zilizovunjika na pafu lililochubuka. Aliyepigwa risasi na fulana ikaizuia apelekwe hospitali hata kama anatembea na kuongea.

Tuchague lipi kati ya II na IIIA? Bastola nyingi mitaani Marekani ni za milimita 9, na risasi yake ya kawaida ikitoka kwenye bastola huzuiwa na daraja II. Risasi hiyohiyo ikitoka kwenye mtutu mrefu huongeza mwendo, na hapo IIIA ndiyo yenye nafasi. Paneli za kisasa za IIIA zina unene wa milimita 5 hadi 7 hivi, na fulana nzima ya mtu wa wastani huwa na kilo 2 hadi 3. Za daraja II ni nyembamba na nyepesi kidogo. Ushauri wetu ni huu: chukua IIIA au HG2 kama unafanya kazi ndani ya jengo lenye kiyoyozi au una mwili mkubwa, chukua II au HG1 kama una mwili mdogo, unashinda juani, au unalazimika kuificha chini ya shati jembamba. Mlinzi mwenye silaha achukue angalau daraja linalozuia risasi za bastola anayoibeba mwenyewe, kwa kuwa mwenye silaha anaweza kunyang'anywa.

Kisu ni hatari nyingine kabisa. Risasi ni butu. Nyuzi huikamata, hunyooka na kutawanya nguvu yake. Ncha ya kisu husukuma nyuzi pembeni na kupita kama sindano kwenye kanga. Fulana ya risasi isiyo na daraja la kisu usiihesabie kwa kisu. Tafuta kiwango cha NIJ 0115.00, chenye ngazi tatu za nguvu ya pigo, jouli 24, 33 na 43, na usome kama majaribio yalifanywa kwa kisu chenye makali, kwa msumari, au kwa vyote viwili. Uingereza, ambako kisu ndicho tishio la kawaida kuliko bastola, alama za kutafuta ni KR1 na KR2 kwa kisu na SP1 kwa msumari. Fulana inayozuia vyote huwa nene na ngumu zaidi, kwa hiyo usilipie uzito wa kisichokuhusu.

Karatasi za fulana

Paneli ni ile sehemu yenyewe ya kuzuia risasi. Kava ni nguo inayoibeba. Lebo inayohesabika imeshonwa au kubandikwa kwenye paneli. Iwe na jina la mtengenezaji, namba ya modeli, namba ya mfululizo, tarehe ya kutengenezwa, daraja pamoja na kiwango kilichotumika, saizi, na maelekezo ya usafi. Lebo ikiwa kwenye kava tu na paneli ni tupu, rudisha mzigo.

Chukua namba ya modeli kama ilivyoandikwa kwenye lebo, wala si jina la kupendeza la kwenye tangazo, uitafute kwenye orodha ya bidhaa zilizoidhinishwa inayowekwa wazi kwenye tovuti ya NIJ. Maneno ya kuyasoma kwa makini ni "imejaribiwa kwa kiwango cha NIJ". Mtengenezaji anaweza kupeleka kipande kimoja maabara, kikafaulu, akaandika maneno hayo bila kusema uongo. Bidhaa iliyo kwenye orodha imepita majaribio ya sampuli kadhaa, pamoja na zilizoloweshwa maji na zilizozungushwa kwenye pipa la joto la nyuzi 65 na unyevu wa asilimia 80 kwa siku 10. Baada ya hapo mtengenezaji huendelea kukaguliwa.

Majaribio hayo ya joto na unyevu yana historia yake. Mwaka 2003 polisi mmoja wa Forest Hills, Pennsylvania, alipigwa risasi iliyopenya fulana ya nyuzi za Zylon ambayo ilipaswa kuizuia. Uchunguzi ulionyesha kuwa nyuzi hizo hudhoofika zikikaa na unyevu na joto, na mwaka 2005 NIJ iliziondolea idhini fulana zote za Zylon. Baadhi ya fulana za wakati ule bado zinazunguka kwenye masoko ya mitumba. Usiipokee hata ukipewa bure.

Kwa mitumba kwa jumla, jibu letu ni hapana. Huwezi kuona kwa macho kwamba paneli iliwahi kulowa, kukunjwa miaka miwili chini ya kiti, au kupigwa risasi iliyoacha alama ndogo tu. Dhamana ya paneli mpya huwa ni miaka 5 kwa watengenezaji wengi, na dhamana hiyo mara nyingi haihami kwenda kwa mnunuzi wa pili.

Kitambaa

Nyuzi za aramidi, kama Kevlar na Twaron, hulainika na kufuata mwili, na zinavumilia joto, ila huchoshwa na jua na dawa ya kung'arisha nguo. Polithini ya molekuli ndefu, kama Dyneema na Spectra, ni nyepesi na haijali maji. Lakini huwa ngumu zaidi kupinda, nyingine hukwaruza kama karatasi unapogeuka, na haipendi joto. Paneli nyingi nzuri za siku hizi huchanganya aina hizo mbili. Ukiweza kuishika kabla ya kununua, ipinde kwa mikono miwili ukiiweka karibu na sikio. Mlio utakaousikia ndio utakaosikika ukikaa chumbani pakiwa kimya.

Kuchukua vipimo

Hapa ndipo pesa hupotea. Saizi za S, M na L za fulana ya kuzuia risasi hazifanani na za shati, na kila kampuni ina jedwali lake. Mwambie mtu mwingine akupime, ukiwa umevaa singlendi utakayovaa chini yake na mkanda wa kazi ukiwa na vitu vyake vyote. Mwanamke avae sidiria anayovaa siku zote kazini.

1. Kifua: utepe upite sehemu yenye unene zaidi, chini ya makwapa, ukiwa umepumua kawaida. Usivute pumzi ndani.

2. Tumbo: kwenye kitovu, si pale unapofungia suruali.

3. Urefu wa mbele ukiwa umesimama: anzia kwenye kijishimo kilicho chini ya koo, shuka vidole viwili, weka alama. Kutoka hapo pima mpaka juu ya mkanda.

4. Urefu wa mbele ukiwa umekaa: kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima. Pima kutoka alama ileile mpaka vidole viwili au vitatu juu ya mkanda. Hiki ndicho kipimo cha kuagizia. Ukiagiza kwa kipimo cha kusimama, kila ukikaa mkanda utasukuma paneli juu mpaka ikuguse koo, na utashinda ukiivuta chini.

5. Urefu wa mgongo: kutoka mfupa uliochomoza chini ya shingo, shuka vidole viwili hivi, mpaka vidole viwili juu ya mkanda. Paneli ya nyuma kwa kawaida ni ndefu kidogo kuliko ya mbele.

6. Kimo na uzito, kwa sababu jedwali nyingi huuliza.

Ukiwa katikati ya saizi mbili, usikimbilie kubwa. Fulana kubwa huacha paneli za mbavuni zikipandana kupita kiasi, na huko ndiko joto na uvimbe wa kuonekana vinakoanzia. Ndogo sana nayo huacha pengo mbavuni, kitu kibaya zaidi. Kinachotakiwa ni paneli ya mbele ipande juu ya paneli ya nyuma kwa sentimita 3 hadi 5 kila upande. Fahamu pia kuwa risasi za majaribio hupigwa kwa kuingia ndani kidogo ya ukingo. Ukingo wenyewe haukuahidiwa chochote, kwa hiyo mpandano huo si urembo.

Kwa wanawake kuna paneli zilizochongwa kufuata matiti na zilizo bapa. Mwenye matiti madogo mara nyingi hukaa vizuri na bapa, na hufichika zaidi. Mwenye matiti makubwa akivaa bapa, paneli huinuka mbele na kuacha uwazi pembeni ya kwapa. Achukue iliyochongwa, na aulize ilichongwaje. Iliyofinyangwa bila kukatwa ni bora kwa faraja kuliko yenye mishono ya kukata.

Kava

Kava la kawaida la kuvaa ndani lina mikanda miwili ya mabegani na minne ya mbavuni, yote ya velikro. Aina ya pili ni singlendi ya kubana yenye mifuko ya paneli kifuani na mgongoni. Hiyo huvutia wanunuzi kwa kuwa haionekani kabisa, lakini angalia paneli zake: mara nyingi ni mistatili ya sentimita 25 kwa 30 hivi, na mbavu zote ziko wazi. Koti lenye paneli ndani lina tatizo jingine. Mtu hulivua akiingia ndani, au huacha zipu wazi, na paneli iliyoning'inia kwapani haikingi moyo.

Nunua makava mawili kwa seti moja ya paneli. Moja likifuliwa jingine linavaliwa. Rangi ya kijivu au inayokaribia rangi ya ngozi yako hujificha chini ya shati jeupe kuliko kava jeupe lenyewe, ambalo huonyesha kingo zake zote.

Makava mengi yana mfuko mdogo kifuani, wa takriban sentimita 13 kwa 20, wa kuwekea pedi ya kupunguza kishindo. Ya kitambaa laini inatosha. Ya chuma huchora umbo lake kwenye shati.

Ikifika: jaribu kabla dhamana ya kurudisha haijapita

Toa paneli kwenye kava usome lebo zote mbili. Paneli nyingine zina upande maalumu wa kutazama nje, ulioandikwa "STRIKE FACE". Kuuweka mwilini ni kosa linalotokea sana baada ya kufua kava. Rudisha paneli, kisha ingiza kiganja ndani uhakikishe pembe za chini hazijajikunja.

Funga mikanda ya mbavuni kwanza, ya mabegani ifuate. Lastiki ivutike nusu tu ya uwezo wake. Ikibidi kuivuta mpaka mwisho, saizi si yako. Vuta pumzi mpaka mwisho. Kama kifua kinagoma kabla mapafu hayajajaa, legeza. Viganja viwili visiweze kupita chini ya ukingo kwa urahisi, ila vidole viwili vipite.

Sasa kaa. Juu ya paneli isifike kooni. Inama uokote sarafu sakafuni, nyoosha mikono yote juu ya kichwa, geuka kama anayerudisha gari nyuma, funga mkanda wa gari. Ukingo ukikuchoma kwapa ukinyoosha mkono kushika usukani, shimo la mkono ni dogo kwako. Hilo halitarekebishwa na mazoea. Ugumu wa jumla wa paneli, huo ndio hupungua: joto la mwili huizoesha kifua chako ndani ya wiki moja au mbili za kuvaa kila siku.

Usiijaribu kwa risasi. Paneli iliyopigwa ni ya kutupwa, na jaribio la nyumbani lisilo na udongo wala kipimo cha mwendo halikuambii kitu.

Nguo za juu

Shati liongezwe saizi moja kifuani, lakini urefu wa mikono ubaki wa kawaida, maana bega kubwa lililoning'inia nalo hujulisha. Pamba nzito yenye mwili hufanya kazi. Poliesta laini ya kunata na fulana za kufuma huchora kila ukingo. Rangi za giza hufaa, na mapambo makubwa yasiyo na mistari iliyonyooka hufaa zaidi: shati la kitenge lisilochomekwa huficha paneli kuliko karibu nguo yoyote ya dukani. Kwa akina mama, dira au blauzi pana ya kitenge hufanya vivyo hivyo. Mistari ya wima ni adui, hupinda pale paneli inapoishia.

Sehemu zinazojitangaza ni tatu. Ya kwanza ni mgongo wa juu, ambako ukiinama paneli huchora mstari ulionyooka kati ya mabega. Wengi hawaioni kwa kuwa wanajitazama kwenye kioo mbele tu. Mwombe mtu akupige picha ya nyuma, taa ikiwa pembeni. Ya pili ni kola: singlendi ya ndani ipande juu ya kava, na kifungo cha pili cha shati kifungwe. Ya tatu ni wewe mwenyewe. Anayejishikashika na kuvuta chini kila dakika tano ameshajitangaza hata kama shati lake ni zuri, na karibu kila mara sababu ni urefu wa mbele uliopimwa akiwa amesimama.

Joto

Fulana hii haipumui, na matangazo ya "inapoza mwili" yahesabu kama matangazo. Kinachosaidia ni singlendi nyembamba ya kitambaa cha michezo kinachovuta jasho. Ya pamba hulowa na kukaa imelowa, ndipo vipele vya joto vinapoanza. Chukua ya pili ubadilishe katikati ya zamu. Kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Kizunguzungu, kichefuchefu, au jasho kukatika ghafla huku mwili ukichemka ni dalili za kuvua fulana, kukaa kivulini na kuomba msaada. Majimbo kama Texas na Arizona yana miezi ambayo kazi ya nje ndani ya IIIA haiwezekani bila mapumziko ya mara kwa mara, na ni afadhali kumwambia msimamizi mapema.

Usafi na hifadhi

Kila paneli imefungwa ndani ya ganda jembamba lisilopitisha maji. Ganda hilo ndilo uhai wake. Aramidi iliyolowa hupungua nguvu, na jasho la miezi ni unyevu kama mvua. Baada ya zamu fungua mikanda, tandaza fulana pahali pakavu penye upepo, nje ya jua. Usiitundike kwenye henga ya waya: uzito huvuta mikanda na kuikunja paneli mabegani. Laza bapa.

Kava hufuliwa kwa mkono au kwa mashine kwenye maji baridi, baada ya kutoa paneli na kufunga velikro zote zisinase uchafu. Paneli hufutwa tu kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, kisha huachwa ikauke yenyewe. Usiipige pasi, usiiweke kwenye kikaushio, usiiloweke, na dawa ya klorini isiikaribie. Manukato na dawa za kuondoa harufu zinazopuliziwa moja kwa moja kwenye paneli huharibu ganda. Puliza kava likiwa peke yake. Buti la gari wakati wa kiangazi ni tanuri, na polithini hasa haipendi kukaa humo.

Mara moja kwa mwezi toa paneli uzikague. Pitisha vidole juu ya uso wote ukitafuta mkunjo uliokaa, pembe zilizolegea, au sehemu ambako tabaka zimeteremka na kujikusanya chini. Tazama ganda kama lina tundu au mshono ulioachia. Tundu dogo usilizibe kwa gundi wala selotepu. Wasiliana na mtengenezaji, kwa kuwa wengine hubadilisha ganda wakiwa na dhamana, na wengine watakuambia paneli imekwisha. Mikanda ya lastiki huchoka mapema zaidi, pengine ndani ya mwaka, na huuzwa peke yake kwa bei ndogo. Wengi hutupa fulana kwa kudhani imelegea, kumbe ni mikanda.

Muda wake ukiisha

Badilisha paneli ikipigwa risasi, ikipata ajali iliyoibonyeza vibaya, ikilowa ndani ya ganda, au dhamana ikiisha. Ukinenepa au kukonda kwa kilo kumi hivi, pima upya hata kama paneli bado ni changa, maana mpandano wa mbavuni utakuwa umekwishapotea.

Fulana iliyokwisha muda usiiuze wala usimpe jirani. Usiitupe ikiwa nzima pia. Mwokota taka ataivaa au ataiuza. Uliza kwanza muuzaji au kituo cha polisi cha mtaa wako kama wanapokea za kuharibiwa. Wasipopokea, ng'oa lebo, toa paneli kwenye kava, kata ganda na ukate tabaka za ndani vipande vipande. Mkasi wa kawaida hushindwa na aramidi. Tumia mkasi wa meno madogo uliotengenezwa kwa kitambaa hicho, ukate tabaka mbili au tatu kwa wakati mmoja.